Filamu za Isabelle Huppert: mwongozo kamili wa kuzitazama, filamu kumi kwa mpangilio

Isabelle Huppert alizaliwa Paris tarehe 16 Machi 1953, akaanza kuonekana kwenye filamu mwaka 1972, na hadi leo amecheza filamu zaidi ya 120. Mtu anayesikia sifa zake kwa mara ya kwanza kwa kawaida huelekezwa moja kwa moja kwenye La Pianiste, filamu yake nzito ya mwaka 2001. Anaiwasha usiku mmoja, hajui kinachomsubiri, anaizima kabla haijafika nusu, na hamrudii tena mwigizaji huyu. Hiyo ni hasara kubwa, na inaepukika kwa kupanga tu kipi kitangulie na kipi kifuate.

Mwongozo huu unapanga filamu kumi. Jumla yake ni kama saa 19. Kwa filamu moja kila wiki utamaliza ndani ya miezi miwili na nusu, nao ndio mwendo tunaoushauri, maana hizi si filamu za kufululiza usiku kucha kama tamthilia.

Kuna jambo moja la kulishika tangu mwanzo. Wahusika wake ni wanawake waliofanya yasiyosemeka: kuwapa wazazi sumu, kutoa mimba za watu wakati wa vita, kuua familia nzima, kutamani maumivu. Sinema ya kawaida humtaka mwanamke wa namna hiyo alie, ajute, ajieleze, ndipo mtazamaji amsamehe na kulala usingizi. Huppert hamruhusu mhusika wake ajieleze. Uso unabaki mkavu na kazi ya kuelewa inabaki kwako. Mwiko wenyewe umevunjwa pale, kuliko kwenye kitanda au damu.

Kabla ya kuanza: sauti, manukuu na urefu wa filamu

Tazama kwa sauti ya Kifaransa, hata kama hujui neno moja. Matoleo yaliyotiwa sauti ya lugha nyingine huharibu kazi yake kuliko ya waigizaji wengi, kwa sababu yeye husema maneno mazito kwa sauti nyepesi na ya haraka, na anayetia sauti mara nyingi hujaza huzuni ambayo yeye ameitoa kwa makusudi. Kwa sababu hiyo hiyo filamu hizi hazifai kusimuliwa juu kwa juu kama inavyofanyika kwenye vibanda umiza: msimulizi hulazimika kujaza ukimya, na ukimya ndio uliobeba kila kitu.

Usitarajie manukuu ya Kiswahili, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha. Utatumia ya Kiingereza au ya Kifaransa. Kama unasoma Kifaransa, jambo la kawaida kwa msomaji wa Lubumbashi, Goma au Bujumbura, chagua manukuu ya Kifaransa yaliyotengenezwa kwa ajili ya wasiosikia vizuri. Yanahifadhi tofauti ya *tu* (wewe wa karibu) na *vous* (wewe wa heshima au wa mbali), ambayo manukuu ya Kiingereza huipoteza yote. Wahusika wa Huppert hutumia *vous* kama ukuta wa kumweka mtu mbali, hata akiwa amesimama karibu nao kiasi cha kusikia pumzi zake.

Ukinunua diski, kumbuka kwamba DVD za Ufaransa ni za kanda ya 2 na sehemu kubwa ya Afrika iko kanda ya 5, hivyo mashine yako inaweza kuikataa. Kwa Blu-ray hakuna tatizo hilo: Ulaya na Afrika ziko pamoja kanda B. Soma nyuma ya kasha kabla ya kulipa, maana diski nyingi zinazouzwa Ufaransa hazina manukuu ya Kiingereza hata kidogo.

Urefu wa filamu nao huwatia watu wasiwasi. La Pianiste ni dakika 131 kwenye sinema, lakini DVD ya Ulaya itakuonyesha kama 126. Haijakatwa. DVD hizo huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo filamu nzima hukimbia kwa asilimia 4. Kasi hiyo pia ndiyo inayovuruga manukuu: faili la manukuu lililotengenezwa kwa picha 25, ukiliweka kwenye filamu ya picha 24, maneno yatatangulia sauti kwa karibu dakika mbili na nusu kila saa. Kwenye programu ya video ya VLC, vitufe G na H husogeza manukuu kidogo kidogo, ila hiyo hutibu ucheleweshaji ulio sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Pengo likizidi kukua kadiri filamu inavyoendelea, tafuta faili jingine la kasi sahihi. Herufi kama é na ç zikitokea kama vibambo vya ajabu, fungua faili hilo kwenye programu ya maandishi na ulihifadhi upya kwa mfumo wa herufi wa UTF-8.

Zima taa, weka simu chumba kingine. Kwenye kioo cha simu hutaona kope zikicheza, na mara nyingi kope ndizo zinazokuambia kwamba kuna jambo.

Hatua ya kwanza: La Cérémonie (1995), dakika 112

Huu ndio mlango. Mwongozaji ni Claude Chabrol, aliyefanya naye filamu saba kati ya 1978 na 2006, na hadithi inatokana na riwaya ya Ruth Rendell. Sandrine Bonnaire ni Sophie, msichana wa kazi katika nyumba ya matajiri huko Bretagne, ambaye anaficha kwa nguvu zake zote kwamba hajui kusoma. Huppert ni Jeanne, karani wa posta, mdaku, mchangamfu, mwenye chuki ya siku nyingi na familia ile.

Inafaa kuanza nayo kwa sababu inakamata kama filamu ya upelelezi, na kwa sababu Huppert hapa ni mcheshi. Wanaomdhania kuwa mwigizaji baridi wa sura moja hushangaa. Mtazame anavyotafuna bazoka, anavyoingia nyumba za watu bila kukaribishwa, anavyocheka kabla kichekesho hakijaisha. Chabrol hakuficha mwisho kwa hila. Dalili zimetawanywa tangu nusu saa ya kwanza. Usiku wa mwisho familia imekaa mbele ya televisheni, imevaa vizuri, inatazama opera ya Mozart, Don Giovanni, huku wale wawili wako jikoni na bunduki za kuwindia. Sikiliza jinsi muziki usivyosimama.

Kosa la kawaida hapa ni kutafuta nani mbaya na nani mwema. Familia ile si katili. Wanamsaidia Sophie, wanampa miwani, wanampa televisheni. Chabrol ameonyesha kwamba hisani inayotolewa kutoka juu kwenda chini inaweza kuuma kuliko tusi, na mtazamaji aliyekulia kwenye nyumba yenye dada wa kazi, au aliyewahi kuwa dada wa kazi, atalielewa hilo bila kufafanuliwa. Huppert na Bonnaire waligawana tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka huo, na Huppert akapata César, tuzo kuu ya sinema ya Ufaransa, mwaka 1996.

Hatua ya pili: rudi nyuma, La Dentellière (1977), dakika 107

Ukiitafuta kwa Kiingereza inaitwa The Lacemaker. Mwongozaji ni Mswisi Claude Goretta. Huppert alikuwa na miaka 24 hivi. Anacheza Pomme, msichana wa saluni ya nywele jijini Paris anayekutana na mwanafunzi wa chuo kikuu kwenye fukwe za Cabourg. Kijana anampenda, kisha anaanza kuona aibu kwa sababu Pomme hana la kusema mbele ya rafiki zake wasomi. Anamwacha taratibu. Pomme hasemi kitu. Anaacha kula.

Hakuna mwiko wa wazi hapa. Sababu ya kuiweka nafasi ya pili ni kwamba ndipo unapomwona akijifunza kukaa kimya mbele ya kamera, na bila shule hii La Pianiste itakupita.

Fanya zoezi hili. Chukua dakika tatu za mwisho na uzitazame mara tatu: kwanza bila sauti, kisha sauti tupu ukiwa umeipa skrini mgongo, kisha vyote pamoja. Kijana amekuja kumtembelea kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Pomme anamwambia amesafiri, amefika Ugiriki, ameona Mykonos. Baadaye tunamwona ndani, kwenye chumba chenye mabango ya Ugiriki ukutani, anafuma. Kisha anageuza kichwa polepole na kutazama ndani ya kamera. Bila sauti utaona kwamba hajafanya lolote usoni, wala hakukunja kipaji wala hakutoa chozi. Ukirudisha sauti na hadithi, uso ule ule usiofanya kitu unakuwa mgumu kuuvumilia.

Weka daftari. Kwa kila filamu andika mahali pamoja tu ambapo ulitegemea atalia naye hakulia. Ukifika ya kumi daftari hilo litakufaa kuliko makala yoyote.

Hatua ya tatu: kesi mbili za kweli, Violette Nozière (1978) na Une affaire de femmes (1988)

Filamu hizi mbili za Chabrol zitazame kwa kufuatana, wiki moja baada ya nyingine, kwa sababu zote zinatokana na kesi zilizoitikisa Ufaransa na zote zinauliza swali lile lile: mahakama ilikuwa inamhukumu mwanamke kwa kosa gani hasa?

Violette Nozière aliwapa wazazi wake sumu mwezi Agosti 1933, katika nyumba yao ndogo kwenye mtaa wa Madagascar, Paris. Baba alikufa, mama alipona. Binti alidai baba yake alikuwa akimwingilia. Alihukumiwa kifo mwaka 1934, hukumu ikabadilishwa, akatoka gerezani 1945, na mwaka 1963 akarudishiwa haki zake za kiraia. Magazeti yalimwita zimwi, wakati kundi la washairi na wachoraji lilimtolea kitabu cha kumtetea. Chabrol hachagui upande. Anaonyesha mambo kutoka kwenye kumbukumbu ya Violette bila kukwambia lipi ni la kweli na lipi amelitunga, kwa hiyo usikasirike ukiona maelezo yanagongana, yamewekwa yagongane. Angalia mavazi: nyumbani ni binti mtiifu asiye na rangi midomoni, mjini ni mwanamke wa nguo nyeusi na midomo myekundu, na Huppert hubadilisha hata mwendo wa miguu. Kwa kazi hii alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 1978, akigawana na Jill Clayburgh.

Une affaire de femmes, kwa Kiingereza Story of Women, ni nzito zaidi, na kwa maoni yetu ndiyo bora kati ya zote saba walizofanya pamoja. Inatokana na maisha ya Marie-Louise Giraud wa Cherbourg, aliyekatwa kichwa kwa gilotini tarehe 30 Julai 1943 kwa kosa la kutoa mimba za wanawake. Serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, ilikuwa imepitisha sheria Februari 1942 iliyofanya utoaji mimba kuwa kosa dhidi ya dola lenyewe.

Filamu nyepesi ingemfanya mtetezi wa wanawake. Huppert anamcheza kama mwanamke mwenye njaa anayegundua kwamba kuna pesa. Anaanza kwa kumsaidia jirani kwa maji ya sabuni, tena kwa nia njema. Kisha wanakuja wengine. Kisha anakodisha chumba kwa kahaba. Chakula kinaongezeka mezani, anaanza masomo ya kuimba maana ndoto yake ni jukwaa, na furaha yake inakua wakati mume wake anazidi kudhalilika. Mtazamaji anavutwa pande mbili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo wengi hukosea: wanaamua mapema kama wanamwunga mkono au wanampinga, kisha wanaacha kutazama. Subiri hadi gerezani. Kuna sala anayoisema pale, ameigeuza kuwa matusi dhidi ya Bikira Maria, iliyoleta hasira kubwa Ufaransa filamu ilipotoka. Kama wewe ni mtu wa imani itakuchoma, na ni vizuri ujue kwamba inakuja. Inatoka kinywani mwa mtu anayejua kwamba wanaume waliokaa ofisini wameshaamua afe ili nchi iliyoshindwa vita ionekane ina maadili.

Utoaji mimba uliruhusiwa Ufaransa mwaka 1975, na mwaka 2024 uhuru huo ukaingizwa kwenye katiba. Ukijua tarehe hizi unaona kwamba mwaka 1988 filamu ilikuwa ikizungumzia kidonda kibichi.

Hatua ya nne: filamu mbili zilizopigwa Afrika

Coup de torchon (1981) ya Bertrand Tavernier, dakika 128, ilipigwa Senegal, Saint-Louis, na hadithi inawekwa mwaka 1938 katika koloni la Kifaransa. White Material (2009) ya Claire Denis, kama dakika 102, ilipigwa Kamerun, na nchi yenyewe haitajwi jina.

Katika ya kwanza, Philippe Noiret ni polisi mzungu mzembe anayedharauliwa na kila mtu, hadi anapoanza kuua. Huppert ni Rose, hawara yake, mwenye mdomo mchafu na kicheko kikubwa. Ni vichekesho vyeusi na vinauma: Waafrika wanatukanwa na kuuawa mbele yako, na filamu inakutaka uone jinsi wakoloni walivyolifanya hilo bila kukatiza mazungumzo. Ukitazama na kundi, tangulia kulisema hilo, la sivyo mtu atanyanyuka katikati akidhani filamu inafurahia.

White Material ina thamani ya pekee kwa mtazamaji wa Kiafrika. Huppert ni Maria Vial, anayeendesha shamba la kahawa wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vinakaribia. Helikopta ya jeshi la Ufaransa inawaita raia wake waondoke. Yeye anataka kumaliza mavuno. Wafanyakazi wanakimbia, anakwenda kutafuta wengine, anawalipa, anapakia, anaosha buni. Aliyekulia kwenye mibuni ya Kilimanjaro, Kagera au Kiambu atajua kwamba kahawa iliyoiva haingoji vita iishe, na ataona haraka kuliko mtazamaji wa Paris kwamba ukaidi wa Maria una hesabu ndani yake, ingawa hesabu hiyo inalipwa kwa maisha ya wengine.

Tazama mwili hapa kuliko uso. Mwanamke mdogo, mwembamba, amevaa gauni jepesi, ananing'inia kwenye ngazi ya nyuma ya basi lililojaa, anaendesha pikipiki na kuinua mkono ashike upepo. Hana hofu. Kadiri filamu inavyokwenda unaelewa kwamba kukosa hofu kwake ni namna ya kukataa kuona kwamba ardhi ile haikuwa yake. Claire Denis alikulia Afrika, Kamerun ikiwemo, na aliandika hadithi pamoja na Marie NDiaye. Wakati hauendi mstari mmoja: filamu inaanza karibu na mwisho. Ukipotea, shika basi kama nguzo. Kila tunaporudi kwenye basi tuko siku ya mwisho.

Hatua ya tano: Merci pour le chocolat (2000), kama dakika 100

Pita hapa kabla ya La Pianiste. Ni kama kupasha misuli. Lausanne, Uswisi. Mika (Huppert) ni mkuu wa kampuni ya chokoleti, mume wake ni mpiga piano, na kila jioni yeye mwenyewe huandaa chokoleti ya moto kwa familia. Fuata kikombe. Angalia nani anakunywa, nani amekibeba, nani amekimwaga. Huppert anacheza uovu kwa adabu za mwenyeji mwema, na picha ya mwisho, amejilaza kwenye kochi huku majina yanapita, ni moja ya nyakati chache ambapo machozi yanatoka. Liandike hilo kwenye daftari.

Hatua ya sita: La Pianiste (2001), dakika 131

Kwa Kiingereza The Piano Teacher. Mwongozaji ni Michael Haneke wa Austria, kutoka riwaya ya Elfriede Jelinek, aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 2004. Cannes 2001 iliipa tuzo tatu: Tuzo Kuu ya majaji, mwigizaji bora wa kike kwa Huppert, na wa kiume kwa Benoît Magimel. Uingereza iliiwekea umri wa miaka 18, na hilo lifuate kwa dhati. Isiwepo nyumbani watoto wakiwa macho.

Erika Kohut anafundisha piano kwenye chuo cha muziki cha Vienna. Anaishi na mama yake, Annie Girardot, wanalala kitanda kimoja, na mama anamkagua mkoba kama mtoto wa shule. Usiku Erika huenda kwenye vibanda vya filamu za ngono. Kuna tukio la kujikata, kuna tukio la yeye kumvamia mama yake kitandani, na karibu na mwisho kuna ubakaji. Ni bora uyajue. Mshtuko wa ghafla ndio unaowafanya watu wazime, na ukijua kinachokuja macho yako yanabaki huru kutazama kazi.

Anza mchana au jioni ya mapema. Usile kabla. Usitazame na mtu mnayeanza kujuana naye.

Kisha angalia Haneke alichoficha. Karibu kila jambo la mwili linatokea nje ya picha au nyuma ya nguo. Kwenye tukio la chooni, chumba cheupe, taa kali, kamera inakaa mbali na haisogei. Anayetafuta ngono hapa hataipata; atapata watu wawili, Erika na mwanafunzi wake kijana Walter (Magimel), wanaopigania nani atoe amri. Hadithi nzima iko hapo: Erika anataka kuandika masharti ya kila kitu, mpaka ya maumivu yake, na anamwandikia kijana barua yenye orodha. Kijana akiisoma anachukizwa, na baadaye anaitumia barua hiyo kama silaha.

Mahali pa kusimamisha filamu na kurudia ni pale Walter anapopiga Schubert na kamera inabaki usoni kwa Erika. Hesabu polepole. Mwanzoni ni mwalimu anayetafuta kosa. Halafu kuna kitu kinasogea chini ya ngozi, kwenye taya, kisha kinazuiwa. Amesikia kwamba kijana anapiga vizuri, na amekasirika kwamba amesikia. Halisemi hilo kamwe.

Muziki una maana ya moja kwa moja. Wimbo unaofanyiwa mazoezi, kutoka mfululizo wa Schubert wa safari ya baridi, unasimulia kijiji usiku: mbwa wanabweka, minyororo inalia, watu wamelala wakiota wasivyo navyo. Mwanafunzi anayepiga piano kwenye wimbo huo ndiye ambaye Erika atamwekea vipande vya kioo kwenye mfuko wa koti. Tazama anavyofanya: anafunga glasi kwenye kitambaa, anaikanyaga, anamimina vipande mfukoni, anaondoka. Mikono haitetemeki. Ni mikono ya mpiga piano, na Huppert alijifunza piano tangu utotoni, kwa hiyo mikono unayoiona haiigizi.

Ukimaliza, usisome chochote kwa saa 24. Andika daftari kwanza. Wachambuzi wengi watakupa jina la ugonjwa wa Erika, na ukishapewa jina utaacha kumwona.

Watu huuliza kuhusu Ma Mère (2004), ya mama na mwanawe, yenye zinaa ya maharimu waziwazi, iliyopewa Marekani alama kali kabisa ya NC-17. Hatujaiweka kwenye mpangilio. Inaonyesha sana na inaficha kidogo, na Huppert anapokosa cha kuficha hupoteza nusu ya silaha zake.

Hatua ya saba: pumzika na L'Avenir (2016), dakika 102

Mia Hansen-Løve alimwandikia Huppert nafasi ya mwalimu wa falsafa ambaye mume anamwacha, mama anafariki, na anabaki na paka wa mama. Hakuna damu. Kwa Kiingereza ni Things to Come. Ni mwanamke yule yule asiyejieleza, safari hii katika maisha ya kawaida kabisa, anatembea haraka na mifuko mkononi. Ilipata tuzo ya uongozaji bora kwenye tamasha la filamu la Berlin.

Hatua ya nane: Elle (2016), dakika 130

Filamu hii iliwahi kukataliwa kabla haijazaliwa. Mholanzi Paul Verhoeven alitaka kuipiga Marekani, na hakuna mwigizaji nyota wa kule aliyekubali. Akaihamishia Paris, akajifunza Kifaransa, hati iliyoandikwa kwa Kiingereza ikatafsiriwa, na Huppert, ambaye alikuwa tayari tangu mwanzo, akaichukua. Januari 2017 alishinda Golden Globe, Februari César yake ya pili, na akateuliwa kwa Oscar.

Onyo la vitendo: filamu inaanza na ubakaji, kwanza sauti juu ya skrini nyeusi, na tukio hilo linarudiwa zaidi ya mara moja baadaye. Aliyewahi kupitia ukatili huo asidanganywe na sifa; anaweza kuiacha kabisa na mpangilio huu bado utakuwa umekamilika.

Yanayofuata baada ya shambulio ndiyo yaliyozua ubishi. Michèle, mhusika wa Huppert, anafagia vyombo vilivyovunjika. Anatupa gauni kwenye pipa. Anaingia kwenye maji ya kuoga na damu inapanda juu ya povu. Kisha anaagiza chakula cha jioni kwa simu. Siku chache baadaye anawaambia rafiki zake mezani kwenye mgahawa, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo la kazini, na mhudumu aliyekuja na shampeni anabaki hajui aifungue au asubiri.

Wapo wanaoona filamu hii inaupa ubakaji sura ya mchezo, na hoja yao si nyepesi, hasa nusu ya pili Michèle anapomjua mtu yule na kuendelea kumkaribia. Hoja ya upande wa pili ni kwamba Michèle hakubali mtu mwingine amwamulie jinsi mhanga anavyopaswa kuonekana. Usichague ukiwa bado unatazama. Fuatilia jambo moja dogo: mara ngapi anataka kuita polisi na mara ngapi anaacha, na hadithi ya baba yake inakuambia nini kuhusu sababu. Hapo utaona kwamba ubaridi wake una historia, na kwamba Huppert ameibeba historia hiyo tangu dakika ya kwanza kabla sisi hatujaijua. Kwa hilo, filamu hii inataka kutazamwa mara mbili.

Ukitaka kuonyesha hadharani

Kutazama na rafiki sebuleni ni jambo moja. Kuweka skrini ukumbini na kualika watu ni jingine. Kenya utahitaji daraja la Bodi ya Uainishaji Filamu, Tanzania Bara kibali cha Bodi ya Filamu, Zanzibar cha BASSFU, baraza la sanaa, filamu na utamaduni la huko, na kila mahali idhini ya mwenye haki za filamu. Kwa La Pianiste na Elle usijaribu bila hivyo. La Cérémonie na L'Avenir ni chaguo bora kwa klabu ya filamu, na vituo vya lugha na utamaduni wa Kifaransa vya Alliance Française ni mahali pa kwanza pa kuuliza. Toa onyo la maudhui kwenye tangazo lenyewe, si mlangoni, ili mtu aamue akiwa nyumbani.

Baada ya kumi

Heaven's Gate (1980) ya Michael Cimino, ambamo anacheza mwenye danguro huko Wyoming, ina matoleo yanayochanganya watu. Ilioneshwa kwanza kwa dakika 219, ikakatwa hadi 149 mwaka 1981, na ikarejeshwa kwa dakika 216 mwaka 2012. Ukiona 149 kwenye kasha, iache.

Na kwa mtu aliyetoka kwenye Elle akiwa amechoka, dawa yake ni In Another Country (2012) ya Hong Sang-soo wa Korea Kusini, dakika 89. Huppert anacheza wanawake watatu tofauti, wote Wafaransa, wote wanaitwa Anne, wote katika mji mmoja wa pwani, na kila mmoja anautafuta mnara wa taa na kumuuliza mwokoaji wa ufukweni aliyetoka majini akitiririka maji. Swali ni lile lile. Mtazame anavyoliuliza kila mara.